Kumshusha Bi Mkubwa

Lifti ilipokufa, watu wengi wa jengo lile hawakushtuka. Ilikuwa na tabia ya kufa na kufufuka. Safari hii mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akachungulia ndani ya kile chumba cha chuma, akasema kuna kifaa kimeagizwa, akaondoka. Wapangaji walinung'unika siku mbili tatu, kisha wakazoea ngazi. Aliyeumia hasa alikuwa wa ghorofa ya nne, mwanamke aliyeitwa Mkwe.

Halikuwa jina lake. Alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini mama wa marehemu mumewe alikuwa na sauti ya kupenya kuta, na kutwa kucha aliita, "Mkwe! Mkwe wangu wee!" mpaka jengo zima likaamini ndilo jina. Yule mama naye wakamwita Bi Mkubwa, kwa sababu ya umri, na kwa sababu ya mwili pia.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alitoka nyumbani akiwa mzima akilalamika kwamba soksi zake hazina wenzao, na akarudishwa akiwa maiti. Tangu hapo Mkwe alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukaingia ganzi, ila kwake ilikuwa ganzi ya mwili mzima. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Alicheka pale wengine walipocheka. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, mashati ya maofisini na mashuka ya hoteli, na siku moja aliegemeza mkono kwenye pasi ya moto asijue mpaka aliposikia harufu.

"Dada, unaungua!" dobi alipiga kelele.

"Naona," Mkwe akasema, akaondoa mkono, akaendelea na kola.

Ndugu zake walimpigia simu kila mara. Mume hayupo, watoto hawakubahatika kupata, sasa anakaa na mama wa mtu kwa lipi? Ukweli ni kwamba kukaa kulikuwa rahisi kuliko kufunga mizigo. Bi Mkubwa naye hakumuuliza. Walikaa wawili kwenye vyumba viwili, redio ikizungumza badala yao.

Kisha figo za Bi Mkubwa zikagoma. Daktari akaagiza mashine ya kusafisha damu, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kukosa. Mkwe akaelewana na dobi aje kazini siku zilizobaki na Jumapili. Lifti ilipokuwa nzima, kazi ilikuwa nyepesi: unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, mmeshuka. Lifti ikafa Jumapili. Jumatatu asubuhi Mkwe alimtazama mama mkwe wake, akazitazama ngazi, akageuka na kuchuchumaa.

"Panda mgongoni, Mama."

"Utavunjika."

"Panda tu."

Walishuka ghorofa moja. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu magoti ya Mkwe yalikataa, na wote wawili wakajikuta wamekaa sakafuni kama mizigo iliyoteremshwa mahali pasipo pake. Kupanda hawawezi, kushuka hawawezi. Mkwe alikaa tu akitazama ukuta. Hakuogopa, wala hakuona haya. Aliwaza kwamba rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka na kwamba watachelewa.

Bi Mkubwa ndiye aliyefungua mdomo. "Jamani! Humu ndani kuna watu au kuna kunguni watupu?"

Mlango mmoja ukafunguka. Akatoka muuza nyama wa mtaani, pande la mtu, ambaye jengo zima lilimwita Bucha. Alikuwa amevaa aproni tayari kwenda kazini. Aliwatazama, akapiga magoti, akampitishia Bi Mkubwa mikono makwapani. Akainua. Bi Mkubwa alipanda kidogo akashuka.

"Mimi si paja la ng'ombe, mwanangu," Bi Mkubwa akamwambia. "Nina miguu. Mtu mwingine aishike."

Aliyekuwa akipanda ngazi wakati huo ni mwalimu wa chuo cha udereva, wa ghorofa ya pili, mwembamba na msafi, miwani usoni, kalamu mfukoni. Alipanda kuangalia kelele za nini. Alipomwona Bucha akasimama.

Wawili hawa walikuwa hawasalimiani. Bafu la Bucha lilivujia dari la Mwalimu. Mwalimu alisema limevuja kwa makusudi, Bucha akasema dari lenyewe bovu, wakafikishana kwa mwenye nyumba, wakafikishana kwa mjumbe, na mwisho wakaishia kupishana kwenye ngazi kila mmoja akitazama viatu vyake. Maji yaliendelea kuvuja. Mwalimu aliweka ndoo.

"Mwalimu, shika miguu," Bi Mkubwa akaamuru.

Mwalimu alisita, kisha akashika. Wakamwinua. Hatua chache chini, Bucha akasema, akiongea na hewa, "Ainue upande wake, mama anateleza."

Mwalimu akaendelea kushuka kana kwamba hakusikia.

"Anasema uinue," Bi Mkubwa akamwambia Mwalimu.

"Mwambie yeye apunguze mwendo," Mwalimu akajibu.

"Anasema punguza mwendo," Bi Mkubwa akamwambia Bucha.

"Mwambie sawa."

"Kasema sawa."

Basi wakashuka namna hiyo mpaka chini, mgonjwa akiwa juu ya mikono yao akipeleka salamu mbele na nyuma kama karani wa posta. Mkwe alifuata nyuma na mkoba wa dawa. Chini, mlangoni pa saluni, kinyozi alitoka na mkasi mkononi kuja kuona msafara. Alikuwa mtu wa maneno mengi, hana mbavu lakini ana mdomo.

"Mnambeba vibaya," akasema. "Mnambeba kama sofa. Mtu hubebwa kwenye kiti."

"Kiti kiko wapi?" Bucha akauliza.

Kinyozi akaingia ndani akatoka na kiti cha mbao chenye mikono, ambacho wateja wake walikalia wakisubiri zamu. "Hiki hapa. Wateja watasimama, wamezidi kukaa."

Mkwe akasema, "Asanteni." Neno lilitoka likiwa safi, limenyooka, halina kitu ndani. Aliligundua hilo mwenyewe, kama unavyogundua kwamba chai haina sukari, na teksi ikaja wakaondoka.

Alasiri waliporudi, Kinyozi alikuwa amewazuia wale wawili wasipande majumbani kwao. Kiti kilikuwa mlangoni kikiwasubiri. Mkwe alimkalisha Bi Mkubwa, akamfunga kiunoni kwa shuka. Bucha akashika mgongo wa kiti, Mwalimu miguu ya mbele, Kinyozi akashika mkono mmoja wa kiti ubavuni na kujitangaza kuwa breki.

"Gari lisilo na breki Mwalimu hapandi, au vipi Mwalimu?"

Mwalimu hakucheka. Ila Jumatano asubuhi alikuwa kibarazani kabla ya mtu mwingine yeyote, na kalamu ameiacha nyumbani.

Ikawa hivyo. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyepanga zamu. Asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa milango ilifunguka, kiti kikashuka. Alasiri kikapanda. Mama Pacha, jirani wa mlango wa kuangaliana na wa Mkwe, alitangulia na mapacha wake kiunoni na mgongoni, akiondoa baiskeli na ndoo zilizoachwa njiani na kuwapigia makelele wenye navyo. Wapangaji wengine waliokuwa wakipanda walijibana ukutani kupisha. Wengine walianza kushika pembe ya kiti kwa ghorofa moja, wakaachia, wakaendelea na safari zao.

Bucha na Mwalimu bado walikuwa hawaongei. Kila kitu kilipita kwa Bi Mkubwa.

"Mwambie kona inakuja."

"Kona inakuja."

"Mwambie nimeiona."

"Kaiona. Ana macho, mwanangu, si kipofu." Na hapo akaongeza lake. "Anasema pia bafu lako linanuka."

"Sijasema hivyo!" Mwalimu akaruka.

"Basi nimesema mimi."

Kinyozi alicheka mpaka kiti kikayumba. Mkwe naye alifungua mdomo, akatoa sauti ya kucheka.

Siku moja Mama Pacha alimkuta Mkwe kibarazani akikunja ile shuka. Mgonjwa alikuwa ameshalala ndani. Mkwe alikunja, akakunjua, akakunja tena.

"Nisamehe nikiuliza," Mama Pacha akasema. "Huwa unalia?"

"Hapana."

"Hata msibani hukulia. Watu walisema."

"Walisema nini?"

"Mambo ya watu. Eti hukumpenda." Akamhamisha pacha mmoja kutoka kiuno cha kulia kwenda cha kushoto. "Mimi nilipojifungua hawa, nilikaa miezi nawatazama kama vitu vya jirani nimeachiwa nivitunze. Nawanyonyesha, nawaogesha, sina habari nao. Nikajua nimeharibika. Hakuna mtu niliyemwambia."

"Ikaisha vipi?"

"Sijui. Siku moja huyu alinipiga kofi nikakasirika. Kukasirika kwenyewe nikakushangaa."

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema kitu kinacholingana na alichoambiwa, akatafuta, hakukipata. "Asante," akasema.

"Acha hizo asante zako. Unazitoa kila ghorofa kama tiketi. Sisi tunashuka tu, na wewe unashuka. Basi."

Miezi ilipita. Kifaa cha lifti kilikuwa bado kinakuja. Bi Mkubwa alipungua mwili, na wabebaji walilijua hilo kabla ya daktari. Bucha alimwambia Mkwe pembeni, kwa sauti ya chini, huku akijifuta mikono kwenye aproni, "Dada, mama anakuwa mwepesi." Alisema kama mtu anayetoa taarifa mbaya. Mkwe akasema amesikia.

Kilichofuata ni kwamba Bi Mkubwa alianza kusinzia kwenye kiti. Zamani alikuwa akishuka akitukana ndoo za watu. Sasa kichwa kilimwangukia kifuani, na wale wawili wakabaki hawana wa kuwapelekea maneno. Walishuka kimya. Kinyozi alijaribu kushika nafasi ya mpeleka habari, lakini alikuwa akichanganya, anamwambia wa juu ainue na wa chini ainue, kiti kinabaki kinaelea.

Ijumaa moja ya mvua walikuwa wakimpandisha. Ngazi zilikuwa na maji ya viatu vya watu. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu Bucha, aliyekuwa juu akipanda kinyumenyume, alikanyaga tope. Mguu ukamponyoka. Mgongo wa kiti ukaangukia upande, kichwa cha Bi Mkubwa kikaelekea ukutani, na Kinyozi akabaki ameshika hewa.

"Kaa chini!" Mwalimu akapiga ukelele. "Bucha, kaa chini! Kalia ngazi, kalia! Mimi ninaye!"

Bucha akakaa. Alikaa kwa kishindo, kiti kikatua mapajani mwake, mikono yake ikamkumbatia Bi Mkubwa kwa nyuma. Mwalimu alikuwa amesukuma bega chini ya kiti, shavu limebanwa na mguu wa mbao, miwani imemtoka. Kwa muda hakuna aliyesogea.

"Umemshika?" Mwalimu akauliza.

"Nimemshika. Wewe uko sawa?"

"Niko sawa. Usiinuke bado. Nikihesabu."

"Haya, hesabu."

Mwalimu akahesabu, wakainuka pamoja. Bi Mkubwa alikuwa amefumbua macho. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa umakini wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta meza zimehamishwa.

"Kumbe mnazo ndimi," akasema, akafumba tena.

Kuanzia siku hiyo walizungumza. Hawakuwa marafiki, tusidanganyane. Waliongea maneno ya ngazi tu: shika, pole, kona, tua, haya tena. Lakini wiki chache baadaye Mkwe alipita ghorofa ya pili akitoka kazini, akakuta mlango wa Mwalimu uko wazi na makelele yanatoka bafuni. Bucha alikuwa amesimama juu ya ngazi ya kukunja, kichwa chake kimeingia ndani ya dari, anabisha kwamba bomba lilifungwa vibaya na mafundi wa mwanzo. Mwalimu chini yake ameshika tochi anabisha kwamba bomba ni la juu na la juu ni la Bucha. Waligombana kwa nguvu zote. Mwalimu alikuwa ameikumbatia ile ngazi kwa mkono wa pili isiteleze.

Mkwe alipanda zake juu. Alimweleza Bi Mkubwa alichokiona, kwa sababu alijua atafurahi.

Bi Mkubwa alifurahi. "Mkwe," akasema baadaye, "ungeweza kwenda kwenu. Siku nyingi tu."

"Ningeenda, Mama."

"Mbona hukuenda?"

Mkwe alifikiri sana, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli. "Sikusikia kutaka kwenda. Sikusikia kutaka kubaki pia. Sisikii kitu, Mama."

Alitegemea mama mkwe ataumia. Bi Mkubwa alinyoosha mkono akampapasa goti, akawa analipigapiga pale pale, kama anayempiga mtoto mgongoni alale. "Mimi nasikia kwa wawili," akasema. "Usijali. Niletee maji, kidogo tu, daktari asijue."

Alifariki Jumatano, hospitalini, mchana kweupe, akiwa kwenye mashine. Mkwe alikuwa amekaa pembeni akitazama mstari wa damu ukizunguka kwenye mipira. Nesi alikuja kuangalia kipimo, akainama, akamwita mwenzake. Walimtoa Mkwe nje ya pazia. Walipomrudisha ndani, mashine ilikuwa imezimwa. Alimkunjia mama mkwe wake kanga miguuni ili isining'inie, akaweka sahihi pale alipoonyeshwa, akapiga simu kwa ndugu, akakwea teksi.

Hakukumbuka kuwapigia watu wa jengo. Ndiyo maana teksi iliposimama, walikuwa mlangoni kama siku zote. Bucha ameshaning'iniza aproni begani. Mwalimu amekunja mikono ya shati. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chenyewe akikipasha moto, na alipoona teksi akanyanyuka, mdomo umeshafunguka na mzaha wa siku.

Mkwe akashuka peke yake. Akafunga mlango wa gari.

"Leo hatupandi," akasema.

Kinyozi aliufunga mdomo. Mwalimu alivua miwani, akaishika tu. Teksi iliondoka, watu wakapita njiani na mifuko yao, na wale wanne wakabaki wamesimama mbele ya kiti kitupu. Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Bucha ndiye aliyeinama kwanza, akashika mgongo wa kiti. Mwalimu akashika miguu ya mbele. Kilikuwa kiti chepesi, hata mtoto angeweza kukiburuta, na mahali pake palikuwa pale pale chini saluni. Hata hivyo Kinyozi alishika upande wake, wakaanza kupanda. "Kona," Mwalimu akasema. "Nimeiona," Bucha akajibu. Mama Pacha alikuwa akishuka, akawaona, akajibana ukutani na watoto wake, akawapisha. Mkwe alipanda nyuma yao na mkoba wa dawa. Walikitua ndani ya vyumba viwili, mahali redio ilipokuwa, kisha Bucha akakaa sakafuni pande lote hilo la mtu akalia kwa sauti. Mkwe alimletea maji. Alisimama akimtazama anavyokunywa, akamwonea wivu.

Mazishi yalipita. Ndugu walikuja, wakamuuliza sasa atarudi lini kwao, akasema atawaambia. Mafundi wa lifti nao wakaja, wakafungua, wakafunga, na asubuhi moja ile lifti ikapanda mpaka juu ikilia kama mtoto anayeng'olewa meno. Wapangaji wakashangilia. Waliingia ndani wakasimama mabega yakigusana, wakatazama namba zikibadilika, mlango ukafunguka wakatoka. Mkwe naye alipanda na kushuka. Siku nyingine alikutana humo na Mwalimu, wakasalimiana vizuri, na ghorofa ya pili ikafika kabla hawajapata la kuongeza.

Alirudi kwa dobi siku zote za wiki. Alipiga pasi.

Jioni moja mlango uligongwa. Alikuwa Bucha, hana aproni, amesimama kama mtu aliyetumwa asikotaka.

"Dada, samahani. Mama yangu ameletwa. Ameanguka, nyonga imevunjika, hatakiwi kuinuka. Mke wangu hajui kumgeuza. Mimi nikimgusa analia." Akaitazama mikono yake. "Nyama najua kuigeuza. Mama sijui."

Mkwe alivaa ndala akashuka naye. Chumbani kwa Bucha mwanamke mzee alikuwa amelala chali, kajikaza, macho makali ya maumivu. Mke wa Bucha alikuwa amesimama kando, mikono mdomoni. Mkwe alimwamkia mzee, akamweleza anachotaka kumfanyia, kisha akaomba shuka. Akaikunja kwa marefu, akaisukuma taratibu chini ya kiuno, akamwita mke wa Bucha aje upande wa pili.

"Shika hapa, karibu na mwili. Usimvute yeye, vuta shuka. Mtu mmoja hawezi, lazima wawili. Mimi nikisema haya, wewe unalegeza, mimi navuta. Mama, ukiumia sema, tutasimama."

"Nitasema," mzee akaahidi.

"Haya."

Walimgeuza. Mzee alitoa pumzi ndefu, uso ukalegea, akasema, "Ee, hapo. Hapo hapo." Mke wa Bucha alianza kucheka kwa woga uliomtoka. Wakamgeuza upande mwingine ili aizoee kazi, halafu wakamwita Bucha naye ajifunze, akaambiwa ana mikono mizito, akajaribu tena.

Kulikuwa na sufuria ya mchuzi jikoni. Mke wa Bucha alisema hatoki mtu humo bila kula, akamwekea Mkwe mkate na bakuli, akarudi kwa mgonjwa. Mkwe alikaa mezani. Alichovya mkate akala, kama alivyozoea, saa ya kula imefika. Kisha akagundua kwamba mchuzi umezidi chumvi. Umezidi sana. Akalitazama bakuli. Akala tena, upesi upesi, akamaliza, na bado tumbo lilikuwa linadai.

"Shemeji," akamwita Bucha, "kuna mkate mwingine?"

"Upo," Bucha akajibu kutoka chumbani. "Kata tu, kisu kiko hapo."

Alikata kipande kikubwa, akafuata sufuria.